Samaki wangu kitatange ana vidoa vyeupe, nimtibu vipi?

Mfugaji wa Uyole
Habari za jioni, wandugu. Kitatange ninayemfuga katika tangi la maji ya chumvi ametokwa na vidoa vyeupe mithili ya chenga za chumvi, anajikwaruza kwenye mawe, anahema haraka na tangu juzi hataki kula. Humo mna pia matumbawe na kaa wadogo. Je, niweke dawa ya shaba humo humo?

Mdau wa Iringa
Hapana, ndugu yangu. Shaba itaua kaa na matumbawe. Mhamishie kwenye tangi tupu, kisha upunguze chumvi taratibu kwa siku mbili, kutoka kipimo cha 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi) hadi 1.009, ambacho kimelea kinacholeta vidoa hivyo kwa kawaida hakikihimili ilhali samaki wengi hukistahimili, nawe ukidumishe kwa takriban wiki 4. Tangi kubwa likae bila samaki kwa zaidi ya miezi 2, maana vimelea hujificha mchangani.

Mkazi wa Forest
Usisahau joto. Baridi yetu ya Juni na Julai si ya mchezo, na umeme ukikatika usiku ni balaa. Weka hita, na blanketi la kufunika kioo liwe karibu. Tena huku juu Mbeya, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji hubeba oksijeni kidogo kuliko pwani, hivyo pampu ya hewa isizimwe. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, amonia, sumu itokanayo na taka za samaki, isije ikammaliza.

Mfugaji wa Uyole
Nashukuru. Hita ninayo, kipimo cha chumvi nakiagiza Dar es Salaam kesho.