Binti wa miaka 13 anasomea nyumbani na hesabu zinamshinda: nichague programu gani ya kumwingiza kwenye aljebra?

Mama Imani, Donholm
Habari zenu wazazi. Binti yangu anasomea nyumbani, angekuwa shuleni angekuwa gredi ya 7. Kusoma hana shida, na insha anaandika hadi mimi ndiye nachoka. Lakini hesabu! Mtume dukani na noti ya elfu, chenji itarudi sawasawa na atakwambia mwenye duka alijaribu kumpunja wapi. Mpe karatasi yenye nusu kujumlisha theluthi, anaandika mbili juu ya tano. Nikimwonyesha x ananiuliza, "Sasa huyu x ni nani?" halafu machozi.

Mwaka huu nilitaka aanze utangulizi wa aljebra. Wamarekani wanaosomesha nyumbani wengine wanasifu Saxon, wengine Math-U-See, wengine Teaching Textbooks, na zote ni za dola. Nimetenga kama elfu kumi za mwaka mzima, uchapishaji ukiwa humo humo. Laptopu ni moja na mchana iko na baba yake. Mimi na hesabu tuliagana kidato cha nne, na hatujapigiana simu tangu hapo. Tunafikiria IGCSE, ule mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Uingereza, baadaye kama mtahiniwa binafsi, ila huenda akarudi shule gredi ya 9. Nichukue ipi?

Kevo wa Pipeline
Khan Academy, masomo ya video mtandaoni. Bure. Funga uzi.

Mama Imani, Donholm
Kevo, na bando utaninunulia wewe?

Kevo wa Pipeline
Haha, sawa mama. Kuna programu inaitwa Kolibri. Unaenda mahali penye wifi, unapakua masomo ya Khan, ukirudi nyumbani mtoto anasoma bila mtandao.

Mwalimu Mstaafu
Mama Imani, usinunue chochote bado.

Programu yoyote ya utangulizi wa aljebra inaamini mtoto tayari anajua jedwali la kuzidisha, kugawanya kwa njia ndefu, sehemu na desimali. Juu ya hapo ndipo inaweka nambari hasi, uwiano, asilimia na milinganyo. Imani hajashindwa na aljebra, hajafika huko. Tena hiyo mbili juu ya tano si ujinga: amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, jinsi mtu anavyofanya akizidisha. Muulize swali moja tu: kati ya nusu na mbili ya tano, ipi kubwa? Akigundua kwamba amejumlisha halafu akapata kitu kidogo kuliko alichoanza nacho, atashtuka mwenyewe. Huo mshtuko unafundisha kuliko kalamu yako nyekundu.

Keti naye nusu saa, umpe haya, bila kumharakisha na bila kumsaidia. 7 × 8 na 6 × 9. 84 gawanya kwa 6. Ipi kubwa, 3/4 au 5/8? Ipi kubwa, 0.3 au 0.25? (Wengi husema 0.25 kwa sababu wanaona 25 na 3.) 2/3 + 1/4. 3 − 8. Halafu mwambie kwa mdomo: nambari gani ukiiongezea 5 unapata 12? Baadaye kabisa mwandikie x + 5 = 12. Akijibu la mdomo na kukwama kwa la maandishi, ujue anachoogopa ni alama tu.

Mwache aseme kwa sauti anavyofikiri, nawe uandike. Saxon, Math-U-See na Math Mammoth wana mitihani ya kumpima mtoto aanzie wapi, ipo bure kwenye tovuti zao. Fanya mmojawapo pia.

Mama Wawili, Ruaka
Mwalimu amesema kweli. Mimi nimetumia Saxon 8/7. Kila somo linaleta kitu kidogo kipya, kisha maswali karibu 30 yaliyochanganya mambo ya nyuma. Kwa mtoto anayesahau haraka ni dawa, maana hakuna kinachoachwa kikaoza. Kwa mtoto anayeona ukurasa umejaa na kuanza kulia, fikiria mara mbili.

Na jambo ambalo watu hawalisemi: vitabu vingi vya Marekani vina inchi, maili, pauni, na sarafu za dime na nickel. Mtoto wa Nairobi inabidi kwanza ajue dime ni senti kumi ndipo aanze swali lenyewe. Kwa mtoto hodari hilo si kitu, kwa anayesuasua ni mzigo juu ya mzigo. Mimi huketi usiku na penseli nikigeuza maili kuwa kilomita na dime kuwa shilingi kumi.

Baba Zuri, Kahawa
Math-U-See ni kinyume cha Saxon. Kitabu kizima ni jambo moja: Gamma kuzidisha, Delta kugawanya, Epsilon sehemu, Zeta desimali na asilimia, halafu ndipo Pre-Algebra. Kuna video fupi ya Steven Demme, mtoto anajenga kwa vipande vya plastiki, kisha anaandika. Mzazi aliyeagana na hesabu kidato cha nne naye anaangalia video na kujifunza kimyakimya.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba jalada halitaji gredi. Zuri alikuwa na miaka 12 na akarudishwa kwenye sehemu, lakini hakuna mahali palipoandikwa "darasa la tano" akaona haya. Ubaya: mwaka mzima unaweza kuishia kwenye sehemu, huku jiometria na takwimu zikingoja. Na kuagiza mpya kutoka Marekani, usafirishaji peke yake utakula hiyo elfu kumi. Tafuta iliyotumika.

Genius wa Lang'ata
Kitabu bora cha kiwango hicho ni Prealgebra cha Art of Problem Solving. Kinamfanya mtoto afikiri.

Mwalimu Mstaafu
Kitabu kizuri sana, kijana wangu, kwa mtoto mwingine. Hicho ni cha anayetafuta maswali magumu, na Imani tayari ana magumu yake.

Wakili Nusu
Nitaharibu stori kidogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi iliyoidhinishwa. Wanaosomesha nyumbani, wekeni rekodi vizuri: madaftari, tarehe, majaribio. Na Mama Imani, kama kuna uwezekano wa kurudi gredi ya 9, kumbuka mwisho wake kuna mtihani wa KJSEA. Pakua mtaala wa Hisabati wa gredi ya 7 kutoka KICD, taasisi ya serikali inayoandaa mitaala, uone milinganyo iko wapi, uubandike ukutani. Programu ya nje iwe gari tu, barabara ni ile. Kwa upande wa IGCSE ya Cambridge, Hisabati ina ngazi mbili, Core na Extended, kwa hiyo huna haja ya kumkimbiza leo.

Dada wa Saiba
Nachapishia wazazi vitabu kila wiki, nitasema ninachokiona. Math Mammoth ya Maria Miller inauzwa kama PDF, unalipa na kupakua, hakuna posta wala forodha. Gredi ya 7 yao ndiyo utangulizi wa aljebra. Lakini wana pia vijitabu vya mada moja moja, wanaviita Blue Series. Mtoto ana shida na sehemu? Nunua cha sehemu peke yake. Kama huna kadi ya benki, tumia ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Na mchape nyeusi na nyeupe, pande mbili, mnaniumiza roho na hizo rangi.

Shangazi Kasarani
Kama hata baada ya mazoezi mengi anasahau 4 + 3, au hajui 19 iko karibu na 20 au na 10, basi si suala la kitabu. Kuna watoto wenye diskalkulia, yaani ugumu wa kuelewa nambari usiotokana na uvivu. KISE, taasisi ya elimu maalum hapa Kasarani, wana kituo cha kupima watoto. Simtishi mama, na mtoto anayejua chenji ya elfu sidhani ndiye, ila nimeona aliyecheleweshwa kwa kuitwa mvivu.

Mama Imani, Donholm
Nimerudi. Tumefanya maswali ya mwalimu jikoni nikichambua sukuma, ili asijue ni mtihani. 7 × 8 alihesabu kwa vidole. Kugawanya alipata. 0.25 alisema ndiyo kubwa, kama mwalimu alivyotabiri. 3 − 8 alisema "haiwezekani". La mdomo alijibu saba kabla sijamaliza, la x akanyamaza. Ile ya nusu na mbili ya tano, alikodoa macho, akasema, "Kwa hivyo nimejumlisha nikapunguza?" akacheka. Alicheka, jamani, kwenye hesabu.

Mwalimu Mstaafu
Basi una jibu. Jedwali la 6, 7 na 8 dakika kumi kila asubuhi, usipitishe hapo. Sehemu ndiyo kazi kubwa ya muhula huu, kwa kuchora kwanza na kuandika baadaye. Desimali zifuate kwa shilingi na senti na kwa rula. Milinganyo usingoje: kila siku umpe mafumbo mawili ya mdomo, kisha yeye mwenyewe ayaandike kwa kisanduku kitupu badala ya x. Kisanduku kikimchosha kuchora, mwambie aweke herufi.

Nambari hasi, mwulize kuhusu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Una deni la 300, umetumiwa 500, salio ni ngapi? Umetumiwa 200 badala yake, bado unadaiwa ngapi? Sahau ada kwanza. Baada ya hapo 3 − 8 haitakuwa "haiwezekani".

Kevo wa Pipeline
Mwalimu, Fuliza yangu usiilete hapa.

Mama Imani, Donholm
Kwa hiyo utangulizi wa aljebra wenyewe nausogeza mbele hadi Januari. Nitachukua kijitabu cha sehemu cha Math Mammoth, Dada wa Saiba atanichapia, Khan kwa simu jioni baba akirudi na wifi ya kazini. Baba Zuri, Epsilon ya Zuri bado iko? Nataka vile vipande.

Baba Zuri, Kahawa
Iko. Kitabu cha mwanafunzi kimeandikwa hadi karibu nusu, lakini kwa penseli. Kile cha mwalimu ni kizima, na video ni za DVD, hakikisha laptopu ina mahali pa kuziweka. Plastiki za sehemu zipo zote isipokuwa za sita, zililiwa na mbwa. Nitumie ujumbe wa faragha tuelewane bei, Jumamosi niko mjini.

Mama Imani, Donholm
Laptopu haina. Lakini plastiki nazitaka, za sita tutakata kwa kava ya daftari. Nakuandikia sasa hivi.