Je, niendelee na darasa la watu wazima wakati mitihani na mazoezi ya kufundisha yanakaribia?

Mwanafunzi wa Mlimani

Salaam, ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ninasomea ualimu wa hisabati. Tangu mwaka jana, jioni mbili kila wiki, mimi na wenzangu watatu tumekuwa tukienda Manzese kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika chumba tulichoazimwa na shule ya msingi. Wanafunzi wetu ni watu wazima 14, wengi wao akina mama. Mmoja ni mama lishe ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimpa wakala simu yake amsomee ujumbe wa fedha zilizoingia. Mwezi uliopita aliusoma mwenyewe, akatambua kwamba mteja alikuwa amemlipa pungufu, akanyamaza kidogo, kisha akatusomea tena kwa sauti. Siku ile nilirudi hosteli nikijua, kwa mara ya kwanza tangu nianze chuo, kwa nini ninasomea ualimu.

Lakini mitihani ya muhula inakaribia, na baada yake nitapangiwa mazoezi ya kufundisha mkoani kwa wiki 8. Wenzangu wawili wamekwisha kuacha. Je, ni haki kuendelea na darasa ambalo sitaweza kulilinda? Na je, furaha ninayoipata humo haionyeshi kwamba ninajitolea kwa faida yangu kuliko yao?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, hilo la furaha lisikukoseshe usingizi. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, sensa ya 1967 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Walimu wenye vyeti hawakutosha, hivyo sisi vijana tuliomaliza darasa la saba tukakabidhiwa chaki. Mimi nilifundisha Ukerewe, kwa vitabu vya kilimo cha pamba na uvuvi, mbele ya watu waliomzidi baba yangu umri. Nilipata posho ndogo na heshima kubwa, na sikuona kwamba heshima ile iliwapunguzia wanafunzi wangu chochote.

Ninalojutia ni jingine. Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu niliondoka ghafla, tukiwa katikati ya kitabu cha pili, bila kumwachia mtu hata daftari la mahudhurio. Niliporudi likizo nilikuta wawili tu ndio wanaoendelea. Wewe utaondoka, maana ni mwanafunzi. Fikiria nani atashika chaki wiki inayofuata.

Mwanafunzi wa Udaktari

Ninaunga mkono maneno ya mzee. Sisi tunahamasisha uchangiaji wa damu vyuoni na katika shule za sekondari, na kila mwaka jambo ni lile lile: shule zikifungwa, akiba ya damu hupungua, kwa sababu wachangiaji wengi wa hiari ni wanafunzi, ilhali mama anayevuja damu baada ya kujifungua, au mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, hawezi kusubiri muhula ufunguliwe. Kwa kuwa mwanamume huchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, tulianza kupanga tarehe zetu kwa kuzitazama likizo kwanza, tukawaomba waumini wa misikiti na makanisa ya jirani washike zamu ya miezi tusiyokuwapo. Nawe anza na kalenda ya wanafunzi wako kabla ya kalenda ya chuo.

Dada wa Morogoro

Naomba nitofautiane nanyi kidogo. Baada ya shahada nilifundisha kwa kujitolea miaka 2 katika shule moja ya sekondari nikisubiri ajira, nikijilipia nauli, na kila nilipoulizia posho niliambiwa kwamba kazi ya moyo haina malipo. Nililipenda darasa lile kwa dhati, na upendo huohuo ndio uliotumika kuninyamazisha. Mdogo wangu, ikiwa nauli na chaki vinatoka kwenye boom lako, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa chuo, hadi unalala na njaa, usidhani kwamba njaa hiyo inaongeza thamani ya huduma yako. Nenda kwa afisa elimu wa kata, ambaye elimu ya watu wazima imo katika kazi zake, umwombe vitabu, chaki na, ikiwezekana, mwalimu.

Mwanafunzi wa Mlimani

Shikamoo mzee wangu, na ninawashukuru nyote. Jana niliwauliza wanafunzi wenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu tuanze. Wamechagua Jumapili alasiri badala ya jioni mbili za kazi. Katika wiki nitakazokuwa mkoani, mama lishe na fundi cherehani mmoja watawaongoza wenzao kusoma, kila mtu akija na ujumbe wa simu au risiti yake, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atakuja kuwasaidia hesabu. Dada, barua kwa afisa elimu wa kata nimekwisha kuiandika na nitaipeleka Jumatatu. Daftari la mahudhurio analo fundi cherehani, na tayari ameyaandika upya majina yote 14 kwa mwandiko wake mwenyewe.