Tupeane uzoefu: akina mama wanaojitolea kuwahudumia maveterani katika miji yetu midogo

Bint Bombo ameandika:

Ndugu wanachama, asalaam aleikum na habari za jioni. Hapa Bombo, Uganda, kwenye barabara ya kwenda Gulu, ni vigumu kupata ukoo wa Kinubi usio na mtu aliyewahi kuvaa sare, kwa kuwa mababu zetu waliingia nchi hii wakiwa askari na wengi wao wakaandikishwa katika King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza. Kikundi chetu cha akina mama kumi na mmoja kilianza kwa kusuka vifuniko vya ukili na kuwekeana akiba, lakini huu ni mwaka wa tatu kazi yetu kubwa ikiwa ni karatasi.

Ilianza kwa mzee mmoja tuliyempelekea sukari na sabuni, naye akatushukuru, kisha akasema kwamba sabuni anayo, asichokuwa nacho ni jina. Jeshini liliandikwa kwa namna moja, kwenye kitambulisho cha taifa likaandikwa kwa namna nyingine, na miaka ya kuzaliwa ikapishana kwa minne, basi pensheni ikasimama. Tulimsindikiza kwa kamishna wa viapo akaapa, kisha tukaenda naye katika ofisi moja mara saba, na kila mara tuliambiwa turudi Jumatatu, bila kuelezwa ni Jumatatu ipi. Mara ya nane tulikwenda akina mama wote kumi na mmoja, tukakaa kwenye veranda tukisuka ukili mpaka faili likapatikana. Je, wenzetu wa miji mingine mnafanyaje?

Mjane wa Wobulenzi:

Dada, kwetu mzigo mkubwa ni wajane. Mume akifariki, mke hutakiwa kwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi, na safari hiyo humkuta bado yumo kwenye msiba, mara nyingine akiwa na mke mwenza ambaye hakumjua mpaka siku ya mazishi. Yalinikuta mimi mwenyewe. Wenzangu wa munno mukabi, kikundi chetu cha kusaidiana wakati wa shida, waliokuwa wamekuja na masufuria na sahani za matanga kama ada, ndio waliotuketisha sote wawili jikoni, wakatuambia tukubaliane majina ya watoto kabla wajomba hawajaanza kutugombanisha. Tulikubaliana, ingawa haikuwa usiku ule.

Jambo la pili, tusiwatafute maveterani miongoni mwa wanaume peke yao. Katika vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, wanawake wa Luweero walibeba mihogo, ujumbe na majeruhi, na kwa kuwa hawakupewa namba ya jeshi hawana pensheni, bali hungoja akasiimo, ile shukrani ya serikali kwa raia waliosaidia. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Yeye hutembelea wagonjwa pamoja nasi, na hakuna anayemhesabu kuwa veterani, hata sisi tulichelewa kumhesabu.

Koplo Mstaafu, Kamuli:

Mimi ninaandika kwa upande wa wanaohudumiwa. Nilipunguzwa jeshini katika zoezi la miaka ya 1992 hadi 1995, nikarudi kijijini ambako kila mtu anazungumza Kisoga, lugha ya mama yangu ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Kila Tarehe Sita, yaani tarehe 6 Februari, siku ya jeshi, tunaitwa uwanjani kusikiliza hotuba. Akina mama wa kanisa letu huja siku za kawaida, na mmoja wao, aliyekulia kambini Jinja, hukaa nami saa nzima tukizungumza Kiswahili. Chakula ninalima mwenyewe. Ombi langu ni kwamba mkija kwa wazee msiwe na haraka, na kama kuna anayejua omweso, ule mchezo wa bao, aje naye.

Bint Bombo:

Afande, tumekusikia. Dada wa Wobulenzi, shikamoo kwa mama mkwe. Si mbali kutoka kwetu, basi Jumamosi tutapanda teksi watatu tuje na daftari letu, na kama bado ana shahidi aliye hai kutoka miaka ile, mwombeni awepo, kwa sababu ushahidi wa mdomo ni afadhali uandikwe na kuapiwa mapema.