Gemu ya zamu kwa zamu: miraba au mwendo huru? Nimekwama

FundiGemu

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaotengeneza gemu au wanaocheza sana hizi za zamu kwa zamu.

Natengeneza gemu ya simu, kikosi cha watu wanne, natumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Nilianza na uwanja wa miraba kama wa gemu ya XCOM. Halafu nikacheza Baldur's Gate 3, nikapenda jinsi mtu anavyotembea popote ndani ya mita zake 9 za zamu, hakuna cha mraba. Nikabomoa nikajenga upya. Miezi miwili ya usiku, baada ya kazi.

Jumapili nikampa mdogo wangu ajaribu. Simu yake ndogo, kioo kina ufa kwenye kona ya chini. Akamburuta mpiga upinde hadi nyuma ya ukuta, akaachia. Muda wote huo dole gumba lilikuwa limemfunika askari mzima. Zamu ya adui ikafika, mshale ukampata. "Kaka, si nilimficha?" Nikakuza picha: bega lilikuwa limechomoza nje ya ukuta, kama punje ya mchele. Raundi iliyofuata akawa anamsogeza askari mmoja mbele, nyuma, mbele tena, karibu dakika nzima. Ya tatu hakuimaliza, akaiweka simu kwenye kochi.

Imeniuma sana. Nirudi kwenye miraba, au mwendo huru unaokoleka?

Kete64

Rudi kwenye miraba, mkuu, tena mapema.

Mimi ni mtu wa bao. Mashimo 32, kete 64, na raha yote iko hapo: nikiona shimo lina kete tano najua zinaishia wapi na nitakula au nitatakata tu, yaani kusambaza kete bila kula. Nikifungwa, hesabu yangu ilikuwa mbovu, sina wa kumlaumu. Mdogo wako alifikiri vizuri kabisa, akaadhibiwa kwa kitu ambacho hakuweza kukiona.

Tafuta Into the Breach ya 2018. Uwanja ni 8 kwa 8 tu. Adui anakuonyesha kabisa mraba atakaoupiga, na wewe unamsukuma mraba mmoja ili pigo lake limwangukie mwenzake. Ukiondoa miraba pale, huo "mmoja" unakosa maana na gemu yote inakufa.

DadaPembesita

Kete64 nakuheshimu, ila miraba nayo inadanganya. Mraba wenye upande 1 una ulalo wa kama 1.41. Ukihesabu hatua ya mshazari kuwa moja, anayekwenda kona kwa kona anafika mbali kuliko anayenyoosha, kwa nguvu zilezile. D&D 3.5, toleo la gemu ya mezani ya Dungeons & Dragons, ililitatua kwa kufanya kila hatua ya pili ya mshazari igharimu mara mbili, na mezani watu wakawa wanabishana nani yuko kwenye ya pili. Gemu ya Civilization V (2010) ikahamia kwenye vipande vya pembe sita, visivyo na hatua ya mshazari.

Kaka FundiGemu, usibomoe tena. Angalia gemu mbili za Mario + Rabbids: ya 2017 ilikuwa ya miraba, ya 2022 wakaiacha. Unazunguka utakavyo ndani ya eneo lako, na ukishafyatua silaha ndipo unafungwa pale ulipo. Mtu hajutii nusu hatua kwa sababu anaweza kuirudia.

Kosa lako liko kwenye kuburuta. Mchezaji aguse mahali tu, kitokee kivuli cha askari, na mstari mwekundu kutoka kwa kila adui atakayemwona akisimama pale. Akiridhika anagusa tena, ndipo askari anakwenda. Kuta nazo zinase: ukigusa karibu na ukuta, anajibana mwenyewe, bega na yote.

FundiGemu

Dada, asante sana. Nimekesha juzi na jana. Nimeondoa kuburuta, mistari myekundu ipo, kuta zinanasa. Dogo amemaliza ramani ya kwanza, na mara mbili alighairi baada ya kuona mstari ukitokea upande ambao hakuutegemea. Mara ya pili alinionyesha kwa kidole, "huyu wa darini ananiona."

Imebaki ramani ya shambani. Kule hakuna ukuta wa kunasa, ni mahindi na uwazi, na anarudi kusitasita kama mwanzo. Kwa ramani hiyo moja nimeanza kuchora miraba. Kete64, ikiwa tayari naomba uijaribu wewe kwanza.