Mjadala: Kuzalisha vinyonga nyumbani hapa Dodoma, turuhusu au tukatae?

MWALIMU WA IHUMWA
Mbukwenyi, wana Dodoma. Kuna kijana mtaani kwetu anataka kuanza kuzalisha vinyonga uani: dume mmoja, majike wawili, vizimba vya wavu. Majirani wamegawanyika. Mimi nasema aruhusiwe, kwa masharti.

Tangu Serikali ihamie huku, vichaka vya Ihumwa na Mtumba vimegeuka viwanja. Kinyonga wetu wa kawaida, yule mwenye vifuniko vya ngozi shingoni (kitaalamu *Chamaeleo dilepis*), hayumo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, lakini watoto wetu wanamjua kwa jiwe tu. Nafundisha baiolojia, na kila mwaka napokea wanafunzi wanaoamini ana sumu. Hana. Akifura na kupanua mdomo, anatisha tu. Mwanafunzi akishamwona akirusha ulimi unaozidi urefu wa kiwiliwili chake na kumnasa panzi, jiwe linamtoka mkononi. Ndiyo maana naunga mkono.

KAKA WA NKUHUNGU
Shikamoo mwalimu. Elimu sawa, lakini tuseme ukweli: kijana anatafuta riziki, na si dhambi. Wazungu wanazalisha vinyonga wa Yemen na wa Madagaska vyumbani mwao, wanauziana. Sisi wenye Usambara na Uluguru, wenye vinyonga wa pembe tatu, tubaki kutazama? Aruhusiwe azalishe na auze.

MSTAAFU, KONDOA
Vijana wangu, nimefanya kazi ya wanyamapori, sikilizeni. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni nyara ya Serikali, awe hai au mfu. Ukikutwa naye bila kibali, kesi inaweza kwenda kwenye uhujumu uchumi. Kibali kinaombwa TAWA, mamlaka ya Serikali inayosimamia wanyamapori, kabla ya kumkamata huyo dume, si baada.

Na wewe wa Nkuhungu, biashara ya kupeleka wanyama hai nje ilifungwa Mei 2016. Juni 2022 likatoka tangazo la kuifungua kwa muda, likasitishwa papo hapo kwa kelele za wananchi. Tena vinyonga wetu wako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo hata mlango ukifunguliwa, hatoki hata mmoja bila kibali. Kijana asiingie kwa hesabu za dola.

DADA WA KISASA, DODOMA
Nimewahi kuhudumia vinyonga kwenye bustani ya wanyama yenye kibali, nami napinga, kwa sababu hakuna aliyegusa kazi yenyewe.

Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Anaramba matone kwenye majani, kwa hiyo unanyunyizia asubuhi na jioni, hata wiki ambayo bomba la mtaa halitoi. Kizimba kiwe cha wavu. Cha kioo, kwa jua letu la Oktoba, kitamchemsha. Madume wawili hawakai pamoja. Hata jike na dume unawakutanisha tu kwa kupandana, kisha unawatenga.

Halafu mayai. Jike akikaribia kutaga haonekani tena kwenye matawi, anazunguka chini akitafuta mahali. Anachimba mchanga wenye unyevu kwa miguu ya mbele, kichwa kikiwa ndani, hadi mwili mzima unapotea. Anageuka, anataga, anafukia, anashindilia kwa miguu kama mtu anayesiliba sakafu. Akikosa mchanga wa kina, mayai yanamkwama tumboni na anakufa. Kutaga mayai 25 hadi 50 kwa mkupuo ni jambo la kawaida kwake, nayo hukaa ardhini miezi sita, tisa, wakati mwingine zaidi.

Sasa hesabuni: jike mmoja, vitoto arobaini, kila kimoja kinataka inzi wadogo wa matunda kila siku. Mvua zetu zinakatika Aprili au Mei. Septemba panzi wako wapi? Wakianza kufa, huyo kijana atarudi porini kukamata wengine, na huo ni uvunaji wenye jina la ufugaji.

MAMA WA MAKOLE
Nyumba ya kupanga, ua mmoja. Watu wangu hawa wamelelewa kuona kinyonga ni mkosi. Mwalimu, utawafundisha kwa nguvu? Majirani waulizwe kwanza.

MWALIMU WA IHUMWA
Mama, waulizwe, na kikao cha mtaa ndicho mahali pake.

Dada wa Kisasa, hoja ya kurudi porini ndiyo nzito kuliko zote, na masharti yangu yanaanzia hapo. Wazazi wakamatwe mara moja tu, kwa kibali, kila mmoja aandikwe alikotoka. Apandishe jike mmoja tu mwaka wa kwanza. Wasiletwe wa Usambara. Wale ni wa misitu yenye baridi na ukungu, huku ni kuwaua. Vitoto visiachiwe ovyo vichakani, maana vinaweza kubeba magonjwa ya kizimbani. TAWA ndio waseme viende wapi.

Na kabla ya kinyonga yeyote, kijana afuge chakula chao, nyenje na inzi wa matunda, kwenye makopo kiangazi chote. Oktoba tutakwenda kuyakagua makopo yake. Yakiwa matupu, mimi mwenyewe nitapinga kibali. Kaka wa Nkuhungu, wewe unayetaka auze, hilo unalikubali?