Mweusi dhidi ya d4: Kings Indian au Grunfeld?

KitundaMgumu: Wakuu habari. Nikishika nyeupe sina tatizo ila mtu akinifungulia d4 (kitunda cha mbele ya malkia hatua mbili) nakuwa sina defensi ya kueleweka. Nimebakiwa na defensi mbili za mweusi, Kings Indian na Grunfeld, ipi inamfaa mtu asiye na muda wa kukariri?

FarasiF6: Kings Indian mkuu, hata usijiulize, unamwachia mweupe kati kwanza halafu unaibomoa baadaye. Kaangalie Letelier (mweupe) na Fischer (mweusi, baadaye bingwa wa dunia), Olimpiki ya chesi Leipzig 1960. Letelier kaona kati kumeachwa wazi akasukuma e5 muvu ya 5 tu, farasi wa Fischer karudi zake e8, mweupe kaongeza f4 anajiona ana eneo lote, kumbe mfalme wake bado yuko katikati. Fischer akapiga c5, kati ikabomoka, ngome mbili zikajipanga laini ya e. Muvu ya 23 malkia kala f4 na cheki, Letelier akanyoosha mikono. Mfalme akimla malkia, askofu anaenda h6, meti, hana pa kukimbilia!

Mzee_wa_Saa: Tusidanganyane bana, e5 muvu ya 5 nani atakuchezea leo? Watakuja na Samisch (mweupe anaishika e4 kwa kitunda cha f3), au wanasukuma d5 wanakubana unabaki kuombea f5 ifanye kazi. Kasparov mwenyewe, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliiweka pembeni Kings Indian baada ya Kramnik kumsumbua na ile ya mweupe kusukuma kitunda b4. Grunfeld unagonga kati mapema na d5, na Fischer huyohuyo alimtandika nayo Donald Byrne New York 1956 akiwa na miaka 13, muvu ya 17 kaachia malkia aliwe!

FarasiF6: Sawa, ila jamaa kasema hana muda wa kukariri. Kwenye Grunfeld mweupe akila d5 akaweka e4 anajenga kati kubwa, we kazi yako kuishambulia d4 kwa c5, farasi c6 na askofu wa g7, ukichelewa muvu moja umefukiwa. Kings Indian muvu tano za mwanzo ni zilezile karibu kila siku.

dadaNgome: Mi nacheza zote, Grunfeld ukipoteza unapoteza haraka angalau unawahi kula 😂

KitundaMgumu: Na wanaocheza London (d4 halafu askofu f4, bila kusukuma c4) je? Huku kwetu ndo wengi.

FarasiF6: Hapo Grunfeld haipo kabisa maana c4 hajacheza. Panga vilevile kama Kings Indian, d6 halafu tafuta e5, askofu wake wa f4 atahama mwenyewe.