Maneno mapya ya simu na kompyuta, ni Kiingereza au si Kiingereza?

BabaBinti_Wete
Asalaam aleikum jamani. Mwanangu yuko kidato cha pili hapa Wete. Juzi karudi na insha yake ya Kiingereza, neno "selfie" limezungushiwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa: si Kiingereza sahihi. Maksi mbili zishakwenda. Nikateremsha kamusi ya marehemu baba, chapa ya 1974, jalada lishaliwa na mende. Kweli halimo. Lakini na "internet" nayo haimo, na hiyo mwalimu kaipitisha! Waingereza nao wana baraza lao kama BAKIZA, Baraza letu la Kiswahili Zanzibar, wanakaa wakapitisha neno?

FundiSimu_Darajani
Wa aleikum salaam mzee. Hawana. Letu limeundwa kwa sheria. Kule watu wa kamusi wanaokota tu yaliyomo midomoni mwa watu. Hilo "selfie" Oxford walilitangaza neno la mwaka 2013. Na sisi je? "Kupakua" tumelitoa chunguni na gatini. Bibi yangu kanisikia nasema napakua nyimbo, akaniuliza, sahani iko wapi?

Ustadhi_K
Hahaha, bibi ana haki yake. Mie nasomesha Kiingereza, nimtetee mwenzangu kidogo. Kama alitakiwa aandike barua kwa mkuu wa skuli, neno hilo halikai, kama vile huendi ofisini na kikoi. Ila hapo ningeandika "halifai hapa". Kusema si Kiingereza, hapana. Neno lao la kumwita mwanasayansi, "scientist", alilibuni William Whewell miaka ya 1830, na mwaka 1894 Thomas Huxley, naye mwanasayansi mkubwa, bado alikuwa analikejeli. Leo nani analikata kwa wino mwekundu? Mzee, insha yenyewe ilihusu nini?

BabaBinti_Wete
Barua kwa shangazi yake Mkoani, amweleze Sikukuu ilivyokuwa. Kaandika walipiga "selfie" na binamu zake kiwanja cha Sikukuu, vumbi tupu, mdogo wao analia kwa sababu askrimu imemwanguka.

Ustadhi_K
Kwa shangazi? Basi maksi zake arejeshewe.

BabaBinti_Wete
Jumatatu nakwenda skuli inshallah. Na kamusi ya baba naiacha nyumbani, isije ikanisaliti.